Mwaka Ulioandikwa Juu ya Fedha

Sarafu ya kale iliyoandikwa mwaka wa kupigwa kwake huonekana, kwa mtu anayeitazama mara ya kwanza, kuwa shahidi asiyehitaji kuhojiwa, kwa kuwa inautaja umri wake yenyewe, haikunakiliwa na karani aliyesinzia, wala haikupita mikononi mwa mwanahistoria wa baadaye aliyetaka kumpendeza mfalme wake. Kwa sababu hiyo elimu ya sarafu, yaani taaluma inayochunguza fedha za zamani kwa maandishi, picha, uzito na madini yake, imeheshimiwa kama mlango wa kuingilia nyakati ambazo vitabu vyake vimepotea. Hata hivyo, ndani ya kazi hii inayodhaniwa kuwa ya kusoma na kuhesabu tu mna swali ambalo wanazuoni wa dini walilishughulikia karne nyingi kabla ya wataalamu wa sarafu: ni kwa haki gani mtu hulikubali neno la shahidi juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona, hasa shahidi huyo anapokuwa na maslahi katika jambo lenyewe? Sarafu hupigwa na dola, na dola haijapata kuwa shahidi asiye na upande.

Tarehe iliyo juu ya sarafu hubeba kauli mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kipande hiki kilipigwa wakati fulani. Ya pili, ambayo aghalabu haitamkwi, ni kwamba wakati unastahili kuhesabiwa kuanzia tukio fulani na si jingine. Kauli ya kwanza ni habari, na ya pili ni itikadi. Makosa makubwa katika kuzipa sarafu tarehe hayakutokana sana na kushindwa kusoma herufi, bali yalitokana na kuipokea habari kabla ya kuielewa itikadi iliyoibeba.

Shekeli za Yerusalemu zinalionyesha jambo hili waziwazi. Ni vipande vinene vya fedha vyenye picha ya kikombe kwenye uso na shina la makomamanga matatu mgongoni, na maandishi yake, yaliyochongwa kwa herufi za Kiebrania cha kale ambazo hata zama zile zilikuwa zimekwisha kuachwa katika matumizi mengi ya kila siku, yanataja shekeli ya Israeli kwa upande mmoja na utakatifu wa Yerusalemu kwa upande wa pili. Juu ya kikombe imewekwa herufi inayosimama badala ya tarakimu, kwa kuwa katika hesabu ya Kiebrania herufi ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, na kuendelea, na shekeli zilizopo zinaanzia mwaka wa kwanza hadi wa tano. Mwaka wa kwanza wa nini? Sarafu haisemi, kwa sababu aliyeipiga hakuona haja ya kumweleza mtu jambo ambalo kila aliyekuwa mjini alilijua.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walilijibu swali hilo kwa msaada wa Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, ambacho kinaeleza kwamba watu walianza kuandika katika hati zao mwaka wa kwanza wa Simoni, kuhani mkuu na kiongozi wa Wayahudi, na ambacho pia kinasimulia kuwa mfalme Antioko wa Saba alimpa Simoni ruhusa ya kupiga sarafu yake mwenyewe. Hoja ilionekana kukamilika: kuna sarafu zenye hesabu ya miaka, kuna kitabu kinachotaja hesabu ya miaka na ruhusa ya kupiga sarafu, basi sarafu ni za Simoni, za karne ya 2 K.K. Wengine walishikilia kuwa ni za uasi mkubwa dhidi ya Roma ulioanza mwaka 66 B.K., na ubishi huo ulikuja kumalizwa na ardhi, kwa kuwa uchimbuzi wa ngome ya Masada ulioongozwa na Yigael Yadin kati ya 1963 na 1965 ulitoa shekeli za aina hiyo, za mwaka wa tano zikiwemo, pamoja na mabaki ya waasi wenyewe. Herufi zilikuwa zimesomwa sawasawa tangu mwanzo. Lililokosewa ni mwanzo wa hesabu, na kosa hilo peke yake liliisogeza sarafu karibu miaka 200.

Ukishajulikana mwanzo huo, hesabu yenyewe inaanza kusema mengine. Kabla ya uasi, kodi ya Hekalu ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro, iliyokuwa na sura ya mungu Melkarti na miaka iliyohesabiwa tangu mji huo ulipojipatia mamlaka yake mwaka 126 K.K., jambo ambalo makuhani walilivumilia kwa ajili ya ubora wa madini yake. Waasi waliondoa sura ya mungu wa kigeni, wakaondoa na miaka ya kigeni, na kuandika mwaka wa kwanza kana kwamba wakati ulikuwa haujapata kuwapo. Sarafu zao za shaba za mwaka wa pili na wa tatu zinataja uhuru wa Sayuni, na zile za mwaka wa nne zinataja ukombozi wa Sayuni. Shekeli za mwaka wa tano ni adimu mno, kwa sababu mwaka huo ulidumu miezi michache tu kabla Hekalu halijachomwa moto katika kiangazi cha mwaka 70. Wapo walioona katika badiliko la uhuru kuwa ukombozi dalili kwamba tumaini lilikuwa limehama kutoka mikononi mwa watu kwenda kwa Mungu. Fasiri hiyo inavutia, lakini haifai kupokelewa haraka, kwa kuwa waasi wa pili, wale wa Bar Kokhba walioanza mwaka 132 na waliopiga chapa yao juu ya fedha za Kirumi zenyewe, walikwenda kinyume chake: mwaka wao wa kwanza ni wa ukombozi wa Israeli na wa pili ni wa uhuru wa Israeli, na baada ya hapo sarafu zao zinaacha kabisa kutaja mwaka na kubakiza maneno ya uhuru wa Yerusalemu. Hesabu ya miaka iliachwa kabla vita havijaisha mwaka 135, na hapo anayetafuta tarehe anakosa anachokitafuta wakati huohuo anayetafuta imani anapata zaidi ya alichotarajia.

Katika Uislamu uteuzi wa mwanzo wa wakati ulifanywa kwa mashauriano, na mapokeo yameuhifadhi mjadala wenyewe. Khalifa Umar bin al-Khattab, katika mwaka wa 17 hivi wa hesabu hiyohiyo iliyokuwa ikitafutiwa mwanzo, aliwauliza masahaba wakati uhesabiwe tangu lini, na yaliyopendekezwa ni kuzaliwa kwa Mtume, kupewa kwake utume, kuhama kwake na kufariki kwake. Likachaguliwa la kuhama, yaani Hijra. Uchaguzi huo una uzito wa kifalsafa usiopaswa kupitwa hivihivi, kwa maana tukio lililoteuliwa si la maumbile kama kuzaliwa na kufa, bali ni tendo lililokusudiwa, la kundi la watu walioacha mji mmoja na kuunda umma katika mji mwingine.

Tendo hilo halikufika haraka juu ya sarafu. Waarabu walipoiteka Uajemi waliendelea kutumia fedha za Wasasani, na kwa miaka mingi dirhamu zilipigwa zikiwa na sura na jina la Khusrau wa Pili, mfalme aliyeuawa mwaka 628, huku pembezoni likiongezwa jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu na mwaka ukiandikwa kwa Kipahlavi, lugha ya maandishi ya Uajemi ya wakati huo. Miaka hiyo haikufuata mwanzo mmoja. Baadhi yake inahesabiwa tangu Yazdgard wa Tatu alipotawazwa mwaka 632, mingine tangu kifo cha mfalme huyohuyo mwaka 651, na mingine tangu Hijra ya mwaka 622, kwa hiyo tarakimu moja inaweza kumaanisha miaka mitatu tofauti, na msomaji hulazimika kuamua kwa kutazama jina la gavana, mji ulikopigwa fedha na mtindo wa uchongaji. Sarafu inayomtaja mfalme aliyekwisha kufa na kumtaja Mungu wa dini mpya ukingoni haiwezi kuitwa ya uongo, lakini anayeichukulia kila neno kama ilivyoandikwa atapotea.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetoa mwaka 77 wa Hijria, ulioanza Aprili 696, dinari ya dhahabu isiyo na picha yoyote, yenye uzito wa gramu 4.25 hivi. Uso wake una tamko la umoja wa Mungu, mgongo una maneno yatokayo katika Sura al-Ikhlas, na ukingoni yamezungushwa maelezo kwamba, kwa jina la Mwenyezi Mungu, dinari hii imepigwa mwaka wa saba na sabini. Mwaka umeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu, na maneno yenyewe ni yale ambayo msemaji wa Kiswahili anayatambua bila kufasiriwa: saba na tisa, sabini na tisini. Hapa ndipo inapofaa kuisogeza sarafu karibu na jicho. Katika hati ya Kikufi iliyotumiwa, nukta zinazotenganisha herufi kwa kawaida hazikuwekwa. Neno la saba linaandikwa kwa sini yenye meno matatu, ikifuatiwa na jino moja la ba na kisha ain, ilhali neno la tisa linaanza na jino moja la ta, likifuatiwa na meno matatu ya sini na kisha ain. Nukta zikiondolewa, yote mawili yanakuwa meno manne na ain, na pasipokuwa na mchongaji aliyelirefusha jino moja kidogo ili kuondoa utata, mwaka wa 77 unaweza kusomeka 79, 97 au hata 99. Umbali kati ya usomaji wa kwanza na wa mwisho ni umbali kati ya Abdul-Malik na Umar bin Abdul-Aziz, watawala ambao historia ya dini imewahukumu kwa mizani tofauti kabisa, na dinari haiwataji wala mmoja wao, kwa kuwa haina jina la mtawala.

Hata mwaka ukisomwa bila shaka yoyote, kuugeuza kuwa wa kalenda nyingine kunautia ukungu mpya. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na una siku 354 au 355, hivyo hukatisha katika miaka miwili ya jua, na ndiyo maana vitabu huandika 77 H kuwa ni 696/697, si mmojawapo. Wasomaji wengi huuona mkwaju huo wa kati kama udhaifu wa vyanzo. Kwa haki ni kinyume: sarafu ilisema kwa usahihi wote uliohitajika, na ukungu umeletwa na yule aliyetaka kumlazimisha shahidi ajibu kwa kalenda asiyoijua.

Wanazuoni wa hadithi waliwatenganisha wapokezi na matini, yaani walichunguza mlolongo wa watu walioipokea habari mbali na maneno ya habari yenyewe, na wakatofautisha kati ya habari ya mpokezi mmoja, ambayo kwa wengi wao huleta dhana yenye nguvu tu, na habari iliyopokewa na watu wengi wasioweza kula njama ya kusema uongo, inayoitwa mutawatir, ambayo huleta yakini. Al-Ghazali aliijadili tofauti hiyo kwa kina katika al-Mustasfa. Ibn Khaldun, katika Utangulizi wake, alidai hatua nyingine itangulie zote mbili, yaani kuuliza kwanza kama jambo linalosimuliwa linawezekana kwa tabia ya jamii za watu, na katika kitabu hichohicho akaiweka sikka, muhuri wa kupigia fedha, miongoni mwa alama za ufalme. Hakuunganisha mambo hayo mawili, lakini yanaunganika yenyewe: kitu ambacho ni alama ya ufalme hakiwezi kupokelewa kama msimulizi asiye na haja. Jina la mtawala juu ya sarafu, kama jina lake katika hotuba ya Ijumaa, ni dai la kutii, na miji mingi imepiga fedha kwa jina la bwana ambaye hakuwa na askari hata mmoja ndani ya kuta zake.

Nguvu ya elimu ya sarafu haiko basi katika kauli ya sarafu moja, hata iwe wazi kiasi gani. Iko katika mambo ambayo sarafu haikukusudia kuyasema. Muhuri wa kugongea, yaani kipande cha chuma kilichochongwa maandishi kinyumenyume ili yatokee sawasawa juu ya fedha, hupata nyufa kadiri unavyotumika, na nyufa hizo hujitokeza juu ya kila sarafu inayofuata. Muhuri wa uso ukidumu wakati wa mgongo umevunjika na kubadilishwa, sarafu zinazoshiriki uso mmoja wenye ufa unaozidi kupanuka zinaweza kupangwa moja baada ya nyingine bila kusoma neno lolote. Mlolongo huo unafanana na isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, isipokuwa wapokezi wake hawana nia, na kwa hiyo hawana sababu ya kudanganya. Mwanahistoria Mfaransa Marc Bloch aliuthamini zaidi ushahidi wa namna hiyo, unaotolewa bila kukusudiwa, kuliko ule ulioandikwa ili usomwe na vizazi vijavyo.

Ipo pia sarafu ambayo tarehe yake iliacha kabisa kuwa habari. Reale ya Sham, iliyozunguka Unguja, Uhabeshi na Arabuni katika karne ya 19, ina sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, mwaka aliofariki, na kwa kuwa wafanyabiashara walikataa fedha yenye mwaka mwingine, iliendelea kupigwa na mwaka huohuo hadi katika karne ya 20, tena katika miji kadhaa. Mwaka ulikuwa umegeuka kuwa sehemu ya picha, na anayetaka kujua reale fulani ilitoka lini hana budi kuchunguza alama ndogondogo kama vito vya bruchi na manyoya ya tai.

Pwani ya Afrika Mashariki inalileta swali hili kwa upande wake wa pili, kwa kuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo zimeokotwa kwa wingi Kilwa Kisiwani kwenyewe na katika kisiwa cha Mafia, kwa desturi hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina la mtawala na la baba yake kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyotungwa yalingane kwa vina na jina hilo. John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alizichapisha mwaka 1936 na kuzisoma vizuri, lakini kuzisoma hakukuzipa karne. Ulinganisho na dinari ya mwaka 77 haukwepeki: ile ilimtaja Mungu na mwaka ikamwacha mtawala, hizi zilimtaja Mungu na mtawala zikauacha mwaka.

Ni rahisi, na pengine ni rahisi mno, kuueleza ukimya huo kuwa ni ucha Mungu wa watu walioona kuwa miaka ni ya Muumba na si ya kuandikwa na masultani, au kuuona kuwa ni kutojali hesabu ya wakati. Maelezo yote mawili yanagonga ukuta wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambapo maandishi ya Kikufi katika kibla yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Watu wa pwani walijua kuandika mwaka pale walipotaka, na waliutaka mahali pa ibada, ambapo jengo hukabidhiwa kwa Mungu na waumini watakaokuja. Juu ya fedha, iliyopita sokoni kutoka mkono hadi mkono, walichotaka kijulikane ni mtawala anasimama kwa idhini ya nani. Pengine dai la namna hiyo hudhoofishwa na tarehe, kwa kuwa tarehe hukumbusha kuwa utawala ulianza na kwa hiyo utakwisha.

Aliyeathirika zaidi na ukimya huo ni Ali bin al-Hasan, ambaye mapokeo ya Kilwa, yaliyohifadhiwa katika tarehe ya mji, yaani kitabu cha historia yake, kwa Kiarabu na katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, yanamtaja kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Washirazi. Hesabu zilizofuata mapokeo zilimweka katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alitazama matabaka ya udongo zilimopatikana sarafu zake akamsogeza hadi karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, hazina iliyofukiwa yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za kigeni, nyingi zikiwa za Wafatimi wa Misri, ambao waliandika miaka. Iliyo changa kuliko zote katika dinari hizo ni ya mwaka 1066.

Namna ya kufikiri iliyofuata inahitaji kuangaliwa polepole. Dinari ya 1066 haisemi lolote juu ya Ali. Inasema tu kwamba hazina haikufukiwa kabla ya mwaka huo. Kutoka hapo kwenda kwenye kauli kwamba Ali alikuwa hai katika karne ya 11 kunahitaji mambo mawili zaidi, kwamba mwenye hazina hakukaa na dhahabu kuukuu kwa vizazi viwili au vitatu, na kwamba kukosekana kwa dinari changa zaidi kuna maana. Yote mawili yana uwezekano mkubwa, na ndiyo maana mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walimrudisha Ali katika karne ya 11. Lakini ni yakini ya kupima, si ya kuona. Matabaka ya Chittick nayo hayakudanganya, kwa kuwa tabaka huonyesha wakati sarafu ilipopotea, na sarafu za shaba zilikuwa zikitumika Kilwa muda mrefu baada ya aliyezipiga kuzikwa. Sarafu isiyo na mwaka ilipata mwaka kutoka kwa jirani zake, kama vile mtu asiye na hati anavyotambuliwa kwa walio pamoja naye, na ujirani huo umekuwa hoja imara kuliko kauli nyingi za sarafu zilizojitaja zenyewe.

Al-Hasan bin Sulaiman alipata karne yake kwa njia nyingine. Tarehe ya Kilwa ina zaidi ya mtawala mmoja wa jina hilo, lakini msafiri Ibn Battuta alimkuta mmoja wao mwaka 1331 na kusifu ukarimu wake, hivyo sarafu zenye jina hilo zimewekwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Mapema miaka ya 1970 sarafu moja ya aina hiyo ilipatikana Great Zimbabwe, bara kabisa, na wachimbuzi waliitumia mara moja kuwa dalili ya wakati mji ule wa mawe ulipokuwa ukifanya biashara na pwani. Kuta ambazo hazina herufi hata moja zimepewa karne, kwa sehemu, na sarafu ambayo haina mwaka, na sarafu hiyo imepewa karne yake na msafiri ambaye hakuandika alipokuwa Kilwa, bali alimsimulia katibu wake Ibn Juzayy kwa kumbukumbu, huko Morocco, katika kitabu kilichokamilishwa mwaka 1355.